Toni Kwanza, Rangi Baadaye: Kwa Wanaoanza Kuchora

Hivi karibuni nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Tanga, binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye aliniandikia: "Kaka, nimenunua rangi za bei, nimefuata picha ya bibi yangu mstari kwa mstari, mbona uso umelala tu kwenye karatasi?" Swali lake ni la wengi, na kwa kuwa naamini ninyi mnaonisoma mnataka kazi zenu siku moja zitundikwe ukutani kwa mtu aliyezilipia, nitalijibu kwa kirefu.

Mimi nilianza kuchora kwa mjomba wangu, mchoraji wa Tingatinga, Oysterbay, Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kazi hiyo jijini mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, akichora juu ya vipande vya silingibodi, na ingawa alifariki mwaka 1972, wanafunzi wake waliiendeleza hadi leo. Kwa mjomba nilijifunza maneno matatu kwa vitendo kabla ya kuyasikia kwa mwalimu yeyote. Nilijifunza mstari, ambao huzunguka mwili wa chui bila kutetereka. Nikajifunza umbo, yaani eneo lile linalofungwa na mstari. Kisha mandharinyuma, ambayo mara nyingi ni rangi moja au rangi mbili zinazoyeyukiana. Chui huyo ni bapa kwa makusudi, na hahitaji kivuli ili apendeze.

Uso wa bibi ni jambo jingine. Nilipoanza kuchora sura za watu nilipeleka kazi zangu kwenye jumba moja la maonyesho, na aliyenipokea alizipitia kwa haraka, akasema mbele ya wageni wake kwamba hazina toni, kisha akaziegemeza zikiwa zimegeukia ukuta. Hakunieleza toni ni nini. Maneno yale bado yananichoma, na sioni sababu ya kuficha, hasa sasa ambapo hoteli moja ya mjini imenunua picha zangu mbili za mkaa, zote za sura. Miaka iliyo katikati ilikuwa ya kurudia zoezi lilelile, na haina hadithi.

Toni ni kiasi cha weupe au weusi cha kila sehemu ya kitu, pasipo kujali rangi yake. Chukueni kikombe cheupe cha kahawa, kile kisicho na mkono, mkiweke karibu na dirisha moja na kuzima taa. Upande wa dirishani kuna doa dogo linalong'aa kuliko mahali pengine pote. Hufuata eneo pana la mwanga wa kawaida, kisha mwanga hufifia taratibu hadi kufikia kivuli cha kikombe chenyewe. Tazameni sasa ukingo wa mbali kabisa na dirisha: hapo weusi hupungua kidogo, kwa sababu meza inarudisha mwanga juu. Mwisho kuna kivuli kinachoangukia mezani, kikali karibu na kitako cha kikombe na kilegevu kadiri kinavyokwenda mbali. Anayeanza huuruka ule mwanga unaorudi, akapaka ukingo wote mweusi, na kikombe kikapoteza uduara wake.

Basi fanyeni hivi: choreni visanduku vitano, cha kwanza kikiwa weupe wa karatasi na cha mwisho weusi wote wa penseli ya 6B, ile laini yenye weusi mwingi, kisha jazeni vitatu vya katikati kwa hatua zilizo sawa. Mnapotazama kitu, finyeni macho hadi vitu vidogo vipotee, nanyi mtaona makundi makubwa ya mwanga na giza yaliyobaki. Rudieni zoezi hilo, kisha mlirudie tena.

Kwa sura zetu kuna neno la ziada, ambalo sikulipata kwenye video yoyote ya mafunzo. Nyingi kati ya nilizotazama hutumia uso mweupe, ambao kazi yake kubwa ni kuweka kivuli. Katika uso mweusi kazi kubwa ni kuweka mwanga. Ngozi nyeusi hung'aa sana kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na kwenye daraja la pua, na toni nyingine hukaa karibu karibu upande wa giza. Binti wa Tanga alipaka uso mzima kahawia moja, akaongeza nyeusi pembeni, na ndipo bibi alipolala. Wala kivuli hakitengenezwi kwa nyeusi peke yake. Rangi hutulia vizuri zaidi ikichanganywa na kidogo cha ile inayokabiliana nayo, kama nyekundu kwa kijani, au buluu kwa chungwa.

Uwiano nitaupitia upesi: macho ya mtu mzima yapo nusu ya njia kati ya utosi na kidevu, si juu zaidi, kwa hiyo pimeni kwa penseli badala ya kubishana na mboni zenu. Perspektivu nayo, yaani namna ya kuonyesha umbali kwenye karatasi bapa, ambayo wasanii wa Florence, Italia, waliiwekea kanuni za hesabu katika karne ya 15, inaweza kuwasubiri hadi mtakapochora mitaa na majumba.

Msichoruhusiwa kuahirisha, ndugu zangu, ni mpangilio. Tandazeni kanga: pindo linazunguka, mji unakaa katikati, jina lina mahali pake, na jicho linajua pa kuanzia. Picha zenu nazo ziwe na utaratibu wa namna hiyo, na nafasi tupu muipange kama mnavyopanga vitu, wala msiijaze kwa hofu. Vijana wengi wanakimbilia kanvasi kubwa na rangi ghali ili wapate picha ya kurusha mtandaoni jioni ileile, na hilo silikubali. Kabla ya kugusa kanvasi, choreni vijipicha vinne kwa penseli, kila kimoja na ukubwa wa kibiriti, kwa toni tatu tu. Viwekeni upande wa pili wa chumba, na mkipanue kile kinachosomeka kutoka huko.