Mwanangu, kuhusu wanao na hizo resi za ski

Waalaykum salaam mwanangu. Voisi yako nimeisikiza, nikairudia tena baada ya Isha kwa sababu mchana mafundi walikuwa wanagonga hapo kwa jirani sisikii kitu. Waniuliza, mdogo kampita mkubwa kwenye resi ya klabu, mkubwa kanuna hasemi na mwenzake, sasa umtoe mdogo umtafutie mchezo mwingine ili nyumba itulie? Haya nakujibu. Lakini kwanza niambie, wewe na mumeo mlimwambia nini huyo mkubwa jioni ile alipofika chini? Mimi nataka kujua hilo zaidi kuliko habari ya kununa, kununa kunapita.

Na usidhani babako mtu wa Mombasa hajui ski. Tangu yule binti Sabrina Simader, aliyezaliwa hapa Kilifi, akaenda kuishindania Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, mimi nafuatilia, mamako anicheka ati mzee atazama theluji na feni iko namba tano. Kitu nilichokipenda ni kwamba wale hawasukumani. Kila mtu ateremka peke yake, yeye na njia yake, na saa inahesabu mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Saa haina kipenzi. Haijui nani alizaliwa mbele.

Sasa ile habari ya mimi na ami yako kushindana kwa baiskeli daraja la Nyali unaijua, yeye huisimulia kila harusi, lakini wewe umeisikia kwake yeye tu. Daraja jipya lilikuwa limefunguliwa mwaka huo, 1980, na nyumbani baiskeli ilikuwa moja, ile blekimamba ya babu yako, ndo maana ikabidi tushuke mmoja mmoja. Asubuhi ya Idi pili, gari hakuna, sisi juu katikati ya daraja, babu yako chini upande wa Buxton na saa yake ya mkono, kando yake yule mzee muuza kahawa na dele lake. Aliyebaki juu apeperusha kofia, mwenzake aachia breki. Nikashuka mimi kwanza, kanzu nimeifunga kiunoni, nalia machozi kwa upepo, halafu nikaisukuma ile baiskeli mpaka juu, nzito kama maiti, nikampa ami yako na nikamwambia kabisa, kaka pale mwisho pana mchanga, bana kulia. Nilimwambia mwanangu! Hata hilo husimulia?

Akashuka. Niko juu sioni saa. Nafika chini babu yako ashaitia saa mfuko wa koti asema, "Mmeenda sare, twendeni tukanywe chai." Sare! Watoto wa mtaa wakapiga makofi, ami yako akanikumbatia, mimi kwa kuwa ni mdogo nikanyamaza. Baada ya Magharibi yule mzee wa kahawa akanipa kikombe na kashata, pesa akakataa, akaniambia pole pole, "Wewe ulimpita kakako sekunde mbili." Wenzetu wa theluji sekunde mbili ni umri mzima.

Kuna pacha wa Marekani, Phil na Steve Mahre, Olimpiki ya Sarajevo 1984, slalomu, ile ya kupinda katikati ya milingoti, washuka mara mbili na saa zajumlishwa. Steve ndo aliyeongoza mkondo wa kwanza. Mkondo wa pili Phil akashuka mbele yake, akafika chini yuko juu ya wote, na kitu cha kwanza akachukua redio akamwelezea nduguye aliyekuwa bado kileleni njia ikoje, wapi pabaya. Yaani ampa siri mtu anayekuja kumnyang'anya dhahabu. Steve akashuka akapungukiwa sekunde 0.21, akachukua fedha. Basi hakuna mzazi aliyekuja kusema wameenda sare, na mapenzi yao hayakupungua kitu. Mimi nilipoisoma hiyo nikamwita mamako jikoni aje asome, akasema, "Bado tu una hilo daraja moyoni?"

Na hapo hapo kwenu, Axamer Lizum unakowapeleka wanao, Olimpiki ya Innsbruck 1964 walikuwepo dada wawili Wafaransa, Christine na Marielle Goitschel. Kwenye slalomu Christine, mkubwa, akachukua dhahabu na Marielle fedha. Siku mbili baadaye slalomu kubwa, ile ambayo milingoti iko mbali mbali zaidi, mdogo dhahabu, mkubwa fedha, akagawana na Mmarekani mmoja. Sasa mama yao angemtoa Marielle mapema ili nyumba itulie?

Ila sitaki nimwonee babu yako, Mungu amrehemu. Mwaka ule ami yako alikuwa amefeli mtihani, watu wa mtaa wote wajua, kisha ashindwe na mdogo wake mbele ya wale wale, asubuhi ya Idi? Pengine mzee alipima hayo na yule muuza kahawa hakuyapima. Na kweli mimi na ami yako hatujagombana mpaka leo, alinisomeshea nyinyi nilipokosa kazi bandarini, hilo nalijua. Lakini akianza harusini "mimi na huyu tulitoka sare," mimi bado nainama kwenye pilau. Mtu mzima wa umri wangu! Kwa hiyo sijui. Lakini saa haina kipenzi, hilo siliachi.

Kumtoa au kutomtoa ni lenu, wewe na mumeo, mimi niko mbali na sijaiona sura ya mtoto. Ninalo neno hapa kwenye ulimi na mamako amenikataza nisiliandike, ati nitaonekana namtetea mdogo kwa kuwa nami nilikuwa mdogo. Mwache aseme.

Ila hukuniambia alimpita kwa ngapi. Piga picha karatasi ya matokeo ya wote wawili unitumie. Na hii barua usimfowadie ami yako.

Babako