Kwa wadogo zangu wa Unguja na Pemba mnaotaka kusomea misitu

Assalaam alaykum. Wiki iliyopita binti mmoja wa Micheweni aliyemaliza fomu siksi alinitumia voisi ndefu, ananambia dada mie nataka kujaza misitu kwenye maombi ya chuo lakini nyumbani hawataki hata kusikia, wanasema nikasomee uuguzi au ualimu, sasa wewe uliyesoma umeona nini huko. Nimemjibu kwa voisi nikaona haitoshi, na yeye si wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo nakaa naandika yote nliyonayo.

Mie ni wa Konde. Anayeijua Pemba anajua kuwa kutoka Konde kwenda msitu wa Ngezi ni kwa baiskeli tu unafika hujachoka, kwa hiyo msitu kwetu haukuwa kitu cha kwenye picha, ulikuwa ni pale. Siku niliyosema nataka kusomea misitu ami yangu aliuliza, sasa mtoto wa kike asomee kuni? Hakusema kwa ubaya, na ukimsikiliza vizuri utamuelewa, maana kwa watu wengi wa kwetu mtu wa misitu ni yule anayekuja kukamata mzigo wa kuni wa maskini au kuzuia tanuri la chokaa. Aliyenipigania ni bibi yangu mzaa mama, ambaye hajakaa skuli hata siku moja, alisema mwacheni aende, atakuja kunambia miti ninayoijua mie inaitwaje na Wazungu.

Basi nikaenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar, halafu basi, siku hizi kuna treni ya umeme mpaka Morogoro, nyie mtapata raha. Na hapa ndo ushauri wangu wa kwanza unapoanzia, na kama utasoma kimoja tu katika haya basi soma hichi: kabla hujapanda boti, kaa na wazee wa kwenu na daftari uandike majina ya miti. Nasema kweli. Kuna somo la kutambua miti, mnapewa majina ya Kilatini kwa makumi na kila wiki yanaongezeka, na mtihani wake unakuwa majani yamepangwa mezani, unapita unaandika. Wenzangu waliotoka Tabora na Rukwa walikuwa wanaona mninga kwa mbali wanaujua, wamekua nao, wao Kilatini walikuwa wanakibandika tu juu ya kitu kilichokuwamo kichwani tangu utotoni. Mie kila mti wa bara ulikuwa mgeni, nikawa nakariri jina juu ya jani nisilolijua, na kitu cha namna hiyo hakikai kichwani, somo lile nikapata sapu, yaani kurudia mtihani.

Likizo nikarudi Konde nimevunjika moyo. Bibi akanchukua tukaenda pwani. Akawa ananionesha, huu mkoko, huu mkandaa gome lake tulikuwa tukitilia rangi, huu msinzi, huu mchu, akanambia tazama mchu unapumua kwa vijiti vinavyotoka chini kwenye tope, na mkoko unazaa mtoto aliyekwishaota huku bado yuko mtini. Nikafungua daftari la chuo: Rhizophora mucronata, Ceriops tagal, Bruguiera gymnorrhiza, Avicennia marina. Nikaandika jina la bibi upande huu na la chuo upande ule, na ile sifa aliyonambia katikati. Nilikaa naye siku tisa. Ile sapu niliifaulu, lakini lililo kubwa ni kuwa nilijifunza namna ya kujifunza, nikirudi Morogoro kila mti mpya nautafutia mwenyeji wake, mpishi wa kantini, mlinzi, mwanafunzi mwenzangu, namuuliza kwenu huu mnaufanyia nini. Mti ukishajua kazi yake hutausahau tena.

Na tahadhari moja kwenye majina, jina la Kiswahili linahama. Wazee wetu wanasema msaji, bara watu wanasema mtiki, ni mti ule ule mmoja, Tectona grandis. Kuna na majina yanayofanana kumbe miti tofauti kabisa. Kwa hiyo Kilatini si maringo ya wasomi, ni ili mtu wa Konde na mtu wa Songea wakiandika ripoti wawe wanasema mti mmoja.

Sasa fildi. Hii ndo sehemu tamu na ndo sehemu inayowashinda watu. SUA ina misitu yake ya mafunzo, Olmotonyi kule Arusha kwenye miteremko ya mlima Meru, Mazumbai kule Usambara, na Kitulangalo hapo hapo Morogoro ambako ni miombo, yaani msitu mkavu wa bara. Sisi watu wa visiwani baridi hatuijui, nilikwenda Olmotonyi na koti moja jepesi na kanga mbili, usiku wa kwanza silali natetemeka, nunua sweta zito na soksi na buti la ngozi kabla hujaenda, usingoje bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, liingie maana bumu na ratiba ya fildi havingojani. Binti unayevaa hijabu usiogope kabisa, nimetembea misitu mitatu na hijabu yangu na suruali pana chini ya gauni fupi, na kwenye kipande cha msitu mnachopima ukishika tepu na ukasoma namba sawasawa hakuna anayekutazama umevaa nini.

Mnachofanya fildi kwa sehemu kubwa ni kupima. Unaweka ploti, yaani kipande cha msitu cha kupimia, kwa mfano duara la nusu kipenyo mita 15, ambalo lina kama mita za mraba 707, halafu kila mti uliomo unapima unene wake kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani usawa wa kifua cha mtu, unapima kimo kwa kusimama mbali na kusoma pembe, unaandika. Kama umesimama mita 20 kutoka shinani na kilele unakisoma nyuzi 45 basi kutoka jichoni kwako kwenda juu ni mita 20, unaongeza kimo cha jicho lako, kama mita moja na nusu, umepata 21.5. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili, lakini unaifanya huku mvua inakunyeshea na siafu wanapanda mguuni.

Wengi wanaokimbia kozi hii wanakimbia hesabu, hawakimbii msitu. Kwa hiyo wewe uliyesema umechagua baiolojia ili uepukane na hesabu, nakwambia mapema, hesabu ipo na takwimu zipo, na ukizielewa zitakufungua macho. Mfano mmoja ambao nawapa vijana kila siku: mti wa unene wa sentimita 20 watu wanadhani ni mara mbili ya mti wa sentimita 10. Sivyo. Ukikata kisiki ukatazama eneo la uso wake ni mara nne. Ndo mana mtu akikwambia tumekata mti mmoja mkubwa tukapanda miwili midogo tumelipa, hajalipa, na wewe ndo unatakiwa umuoneshe kwa namba bila ya kugombana naye.

Nije kwenye jambo linalonikaa moyoni zaidi, sheria na nyumbani. Misitu si jambo la Muungano. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ni wa bara, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ni ya bara. Kwetu tuna Idara yetu ya Misitu chini ya Wizara ya Kilimo na tuna sheria yetu, namba 10 ya mwaka 1996, ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu. Darasani wanafunzi wengi ni wa bara kwa hiyo mifano mingi inakuwa ya kule na ni haki yao, lakini wewe ukimaliza ukarudi Wete ukamsomea sheha kifungu cha sheria ya bara utakuwa umejiaibisha na umeaibisha elimu yako. Isome ya kwetu mwenyewe, usiku, hakuna atakayekulazimisha. Humo ndo unakuta jambo la mikataba ya jamii kusimamia msitu, kijiji na Idara wanakubaliana nani anatumia nini na wapi, na mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioanza 2010 ulipita kwenye shehia nyingi kwa njia hiyo hiyo.

Pia ukubwa. Unapofunzwa kupanga uvunaji wa shamba la misonobari kama Sao Hill unafunzwa kwa maelfu ya hekta. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka yote ni kama kilomita za mraba 50, na humo kima punju, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa Zanzibar, anatoka msituni anaingia kwenye mashamba ya watu. Kwa hiyo swali la kwetu si tukate ekari ngapi mwaka huu, swali la kwetu ni huyu mkulima wa Pete anayeliwa mazao yake na kima atapata nini ili asimchukie. Pale Jozani kijiji kinapata sehemu ya pesa za watalii, na barabarani yakawekwa matuta ili magari yasiwagonge kima. Mambo haya ukiyasoma kwenye kitabu ni mistari miwili, nenda ukakae Pete siku mbili tatu uwasikilize watu, utaelewa kuwa nusu ya kazi ya misitu ni kukaa barazani. Na Pemba vile vile, popo wetu wakubwa walikuwa wanawindwa mpaka wakakaribia kumalizika, wakarudi kwa sababu vijiji vyenyewe viliamua, nenda Kidike ukaone wanavyoning'inia.

Kwa hiyo utafiti wako wa mwaka wa mwisho ufanye nyumbani. Usifuate rafiki zako eti kwa kuwa wanakwenda pamoja sehemu moja na nauli ni rahisi. Anza kuandika barua mapema, maana barua ya chuo peke yake haitoshi, kuna kibali cha upande wa Zanzibar, halafu Idara, halafu unakwenda kwa sheha kwa adabu zote, unakaa, unajieleza, unangoja. Mie wiki tatu zilipita sijapima mti hata mmoja. Ukishakubaliwa na kijiji lakini unapata msaada ambao pesa hainunui.

Mie nilifanya mikoko, na nikakosea makosa mawili ambayo nayasema ili wewe usiyarudie. La kwanza, nilipima kila mkoko kwenye mita 1.3 kutoka kwenye tope kama nilivyozoea Olmotonyi. Mkoko una mizizi inayosimama kama miguu, mengine inapanda juu kuliko kifua chako, kwa hiyo nilikuwa napima mizizi. Unatakiwa upande mpaka mzizi wa juu kabisa unapoungana na shina, kisha sentimita 30 juu yake ndo upime. Nimegundua nshamaliza ploti kumi na moja. Nilirudia zote, na nalia njiani. La pili nilikwenda siku za maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Nilijipangia asubuhi saa nne, kufika bahari imejaa kwenye ploti za mbele, nikasimama. Mama mmoja anayeokota chaza akanambia mwanangu kwani hutazami mwezi? Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwetu bahari inapwa kubwa mnamo saa nne hivo asubuhi, unaingia mbele kabisa unafanya kazi yako na unatoka kabla haijarudi. Mtoto wa Pemba kuambiwa hivyo iliniuma, nilikuwa nikiyajua haya tangu mdogo ila nilipoingia na kibegi cha chuo nikayaacha mlangoni. Usiyaache. Panga ratiba yako kwa mwezi mwandamo kwanza halafu ndo kwa kalenda ya chuo.

Kazi? Nakwambia ukweli mdogo wangu, nafasi za serikalini ni chache na visiwa ni vidogo. Nilikaa mwaka mzima na miezi najitolea bila ya mshahara, nauli yangu ikitoka kwa baba kwenye karafuu zake. Kilichonitoa ni ramani. Nilijifunza QGIS kwenye laptopu ya kuazima, programu ya bure, na kila mradi unaokuja unataka mtu wa kuchora ramani anayejua na mti kwa jina. Wenzangu wengine wameingia nyuki, wengine vitalu vya miche. Ukiingia kitalu cha mikarafuu kumbuka mbegu yake haiwekwi ikakauka kama mahindi, inakufa, unaipanda mbichi haraka. Na miradi ya kupanda mikoko ukialikwa uliza kwanza kama mahali pale palikuwa na mikoko zamani na kwa nini ilikufa, nimeona vijana wanachomeka maelfu ya miche kwenye mchanga wa wazi mbele ya mawimbi, wanapiga picha wanaondoka, na kwenye miezi miwili hamna kitu. Sehemu nyingi ukizuia tu kukatwa, msitu unajirudishia wenyewe.

Kwa wazazi wanaosoma haya, baba zangu na mama zangu, mtoto akisema misitu msimkatishe tamaa. Ami yangu yule yule sasa ananipigia simu kuniuliza mwembe wake unaokauka upande mmoja.

Na wewe binti wa Micheweni, bamvua ijayo nakuja kwenu kurudia zile ploti zangu za zamani nione miti imeongezeka unene kiasi gani. Nataka mtu wa kushika tepu na kuandika. Njoo na viatu vya kufunga, si ndara, tope la mikoko linavua, na ukija mpitie bibi yako kwanza umuulize majina.