USIKEREZE HIYO MPINGO BADO!

Mkuu, zima mashine ya kukerezea. Umesema umepata gunia la mabaki ya mpingo na mninga kutoka karakana za Keko, na Jumamosi unaanza kukereza vibakuli vya chumvi vya kuuza. Unauliza utumie patasi gani na mafuta gani ya kung'arishia. Patasi iache kwanza. Hiyo mbao imekauka?

Mimi nilinunua gunia kama hilo. Muuzaji akaniapia: "Mti mgumu hivi, bwana, hauna maji." Nikakereza vibakuli 36, oda ya hoteli moja Zanzibar, vikang'aa hadi unajiona sura. Siku ya tisa picha zikaanza kuingia kwenye simu. Ukumbi wa chakula una kiyoyozi kinachokausha hewa kutwa nzima, na vibakuli 29 vimepasuka, vingine ufa kutoka mdomoni mpaka kitakoni, chumvi inamwagika mezani. Nikarudisha shilingi 420,000, nauli ya boti juu. Nilipomfuata yule muuzaji akasema nimekereza vibaya! Kumbe gogo lilikuwa limekatwa mwezi uliotangulia na alijua. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma.

Ugumu si ukavu. Mpingo huzama majini hata ukiwa mkavu, na kwa jinsi ulivyoshonana maji hutoka taratibu mno. Tena hutokea vichwani, kwenye ncha mbili palipopita msumeno kukata gogo, haraka kuliko ubavuni. Vichwa vinasinyaa, katikati bado kumevimba, mbao inajichana yenyewe. Kipande chenye kiini cha gogo ndani, ile nukta ya katikati kabisa ya mti, ndiyo usikiguse kabisa, kipasue kwanza katikati ya kiini hicho.

Nunua mizani ya jikoni. Paka vichwa nta au rangi ya mafuta iliyobaki, pima kila kipande, andika gramu na tarehe juu yake, weka kivulini penye hewa. Baada ya wiki mbili pima tena. Gramu zimeshuka? Rudisha kivulini. Usikereze mpaka usome uzito uleule mara tatu mfululizo, hata ikichukua miezi. Ukishindwa kusubiri, kereza umbo tu na uache ukuta mnene, kibakuli cha sentimita 10 kibaki na ukuta wa sentimita 1, kikauke huku ukikipima vilevile kwa mizani, ndipo umalizie. Mninga una nafuu, hausinyai sana, lakini nao upime.

Na chenye ufa tayari, hata mwembamba kama unywele, usikifunge kwenye mashine. Kitaruka, na uso wako ndio ulio mbele yake.