Moto ya ku rili: anza na ukuta, moto yenyewe itakuja nyuma

Wadogo wa hapa Goma wenye wanafanya filme fupi ao rili wananiandikia sana, na swali iko karibu moja tu: kaka, unatumia programu gani ya kutia moto, moshi na mulipuko ku video? Najibu haraka ili tumalize hiyo. Ku ordinatere natumia Blender, iko bure, na ndani yake kuna Grease Pencil yenye inakuacha uchore na mukono picha kwa picha. Kama ordinatere yako haina nguvu chukua Krita ao OpenToonz, nazo ni za bure, na kama uko na telefone tu basi FlipaClip ya kuchorea halafu CapCut ya montaji, kwa kuanza inatosha kabisa. Programu haiko tatizo.

Tatizo yenye naona ku video mingi za kwetu ni hii: moshi iko, moto iko, radi iko, lakini havigusi kitu. Moto kubwa inawaka kando ya mutu na uso wake unabaki vile vile, kivuli yake haisogei, ukuta nyuma yake haujui kama kuna kitu kinaungua. Mwenye anatazama hawezi kukueleza ni nini haiendi lakini anapitisha kidole anaenda kwa video ya mwingine.

Kwa hiyo mbele ya kuchora moto, tengeneza kile moto inafanya kwa vitu vingine. Kuna filme moja tulifanya na marafiki ku Ndosho, kartie moja ya hapa Goma, binti anawasha moto ndani ya kiganja chake, usiku, mu chumba ya mbao. Wakati wa kufilme tulifunga karatasi ya bonbo ya rangi ya machungwa ku tochi ya telefone, mutu moja akaishika chini ya fremu kwenye kamera haioni, akawa anapitisha vidole mbele ya taa bila mpango, mara haraka mara polepole, na ile rangi ikawa inacheza ku shavu ya binti na ku mbao za nyuma. Basi. Hapo kazi nusu ilikuwa imekwisha na sikuwa nimechora hata mustari. Moto yenyewe niliweka kesho yake, michoro michache tu yenye inarudilia, na kusema kweli haikuwa mizuri sana, lakini hakuna mutu aliiangalia, wote walikuwa wanaangalia uso.

Hiyo taa usiiache kwa montaji. Unaweza kujaribu kupaka mwangaza baadaye ku programu, fremu kwa fremu (fremu ni picha moja kati ya zile nyingi zenye zinafanya video), utalia. Ku plato, pale penye munafilme, inachukua dakika kidogo na karatasi ya bonbo.

Sasa kuchora. Filme inaenda na fremu 24 kwa sekunde, na wachoraji wa zamani walizoea kuchora 12 tu, kila mchoro unakaa fremu mbili. Telefone mingi inafilme na 30, kwa hiyo ukifuata njia ile ile uko na michoro 15 ya kufanya kwa sekunde moja. Chagua 24 ao 30 toka mwanzo na ubaki hapo, juu ukichanganya, moto yako itaanza kuruka na utafikiri ni telefone imeharibika. Moto na moshi zinavumilia mchoro moja kwa fremu mbili. Mulipuko haivumilii, ile mwanzo yake unachora kila fremu.

Na mulipuko njo penye naona watu wanaanguka zaidi. Wanafanya mpira ya moto ikue polepole kwa mwendo moja mpaka mwisho, sawa vile mutu anapuliza balo. Mulipuko inafanya kinyume: inamaliza karibu ukubwa wake wote ku fremu chache za kwanza, halafu inachoka. Mimi naweka fremu moja nyeupe tupu, ingine yenye rangi zimepinduliwa, nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe inakuwa nyeusi, kisha mpira kubwa mara moja, kisha kila mchoro unaongezeka kidogo kuliko ule wa mbele yake, na moshi inabaki inajikunja yenyewe muda mrefu. Wenye wanatazama hawatajua kama kulikuwa fremu nyeupe. Ukiitoa watasema mulipuko ni laini. Sauti pia usiiweke pale pale na mwangaza kama kitu iko mbali: sauti inatembea karibu metre 340 kwa sekunde, kwa hiyo radi yenye inapiga kilometre moja ndani ya ziwa inakufikia sekunde tatu baadaye. Ku rili huwezi kungojesha watu sekunde tatu zote, lakini chelewesha fremu kumi hivi na utaona vile nafasi inafunguka.

Moshi nayo, wanaoanza wanaiua kwa kupunguza rangi yote pamoja mpaka inapotea. Moshi haipotei hivyo. Inatoboka. Inapata mashimo katikati, kingo zinaliwa, inabaki vipande, vipande vinakuwa vidogo. Moto ni karibu sawa, ulimi unapanda kutoka chini, ncha inakatika, ile ncha inaishi kidogo peke yake juu halafu hakuna tena. Ukitikisa tu mustari wa inje unapata kitu chenye kinatetemeka na hakiungui.

Kwa hiyo kusoma moto na moshi, sisi wa Goma hatuna sababu ya kutafuta mbali. Wenye walikuwa mu mji usiku wa tarehe 22 Mei 2021, wakati volkano yetu Nyiragongo ilipasuka, wakumbuke vizuri nini waliona. Wengi wetu hatukuona mawe yanaruka juu vile ku katuni, tuliona wekundu. Moshi ilikuwa inamulikwa kutoka chini, tumbo ya wingu nyekundu, mgongo wake nyeusi, na ule wekundu ulifika mpaka ku mabati ya nyumba. Hiyo njo mpango wa taa, tayari. Na wenye walienda kuangalia karibu na Buhene, kaskazini ya mji, penye lava (mawe yenye imeyeyuka) ilisimama wanajua kama juu yake kulikuwa ngozi nyeusi, mwangaza unatoka ku mipasuko. Kwa hiyo ukichora lava, jaza nyeusi kwanza kisha fungua mipasuko, usimwage rangi nyekundu kila mahali. Kwa ile ngozi yenyewe, toka inje na telefone upige picha za mawe: lava ya 2002 tunajengea kuta, iko kila avenue, haina bei.

Ingine yenye napenda kuliko zote ni kufilme vitu vya kweli na kuviweka juu ya picha. Chukua kitambaa nyeusi yenye haing'ari, itundike ndani ya parsele wakati jua iko chini inapiga kwa upande, halafu tupa unga ya muhogo kidogo mbele yake. Unga inashika jua, kitambaa inabaki giza, na uko na vumbi ya kweli yenye hakuna programu itakupatia kwa urahisi. (Mama yangu alipita akauliza: «We mutoto, ile bugali ya mangaribi utakula kitambaa?» Chukua unga yenye imeharibika.) Usiku unafanya vile vile na babula: pepea makala na kipande ya karto, filme cheche. Ukiweka kamera ibaki wazi 1/50 ya sekunde kwa kila picha, cheche zinakuwa mistari mirefu, ukiipandisha 1/1000 zinakuwa vidoti. Funga kipimo ya mwangaza ya kamera, usiache telefone ijirekebishe yenyewe, na uweke ndoo ya maji karibu. Kisha ku montaji unaweka ile klipi ku kalke ya juu (tabaka yenye inakaa juu ya picha yako), unachagua mode ya skrini (Screen), na nyeusi yote inapotea yenyewe, inabaki vumbi ao cheche. Kwa kivuli na moshi nyeusi inakuwa kinyume, unafilme ku nyeupe na unatumia mode ya maltiplai (Multiply), yenye inapotesha nyeupe.

Kupotesha mutu ao kumubadilisha ghafla haiombi hata kuchora. Georges Méliès, Mufaransa mwenye alikuwa mufanya mazingaombwe, alikuwa anafanya hiyo toka 1896: unasimamisha kamera, mutu anatoka, unaendelea. Telefone ku tripie, hakuna mwenye anagusa kitu, na wingu ndogo ya unga pale penye umekata ili kuficha. Hiyo ni ya leo leo, fanya.

Niseme pia kitu moja bila kuzunguka. Volkano ao bomu juu ya picha ya kweli ya Goma, usiitupe ku WhatsApp bila kuandika ndani ya picha yenyewe, herufi kubwa, kama ni montaji. Maelezo ya chini yanabaki nyuma video ikianza kupitishwa kwa watu. Hapa mama anaweza kuchukua watoto akatoka na godoro ku kichwa juu ya sekunde kumi za rili yako, tulishaona mwaka ule watu wanakimbilia Sake, Gisenyi, wengine wanapanda boti za Bukavu, na baadaye tena mabomu ya kweli. Na usifilme inje na silaha ya mbao, hata kama ni ya mbao kabisa. Filme ndani ya parsele, ongea na jirani mbele.

Mwisho, kutoa video. Rili ni 1080 kwa 1920, ya kusimama, na chini kabisa maandishi ya aplikasyo yanafunika, kwa hiyo moto yako isianzie pale. Cheche ndogo ndogo elfu moja, mvua nyembamba, vumbi laini, hizo njo zinakufa kwanza wakati mtandao unabana video, zinageuka vibokisi vibokisi. Afadhali cheche chache na kubwa, kingo zenye kukatika wazi. Mimi mbele ya kutuma naomba telefone ya mutu mwingine, ya bei ya chini, ekrani imepasuka kama inawezekana, natoka nayo inje saa sita ya muchana na naangalia. Kama sioni moto, sigusi ukubwa wake. Naongeza giza kwa ukuta.