Kwa Dada Anayetaka Kiti Maalum cha Bunge la Kaunti

Msomaji mmoja wa Kwale ameniandikia akiuliza kama ni aibu kukubali jina lake liingizwe katika orodha ya chama ya viti maalum kuelekea uchaguzi wa 2027, badala ya kugombea wadi. Najua wengi wenu mnaonisoma mnazitamani siasa za kaunti, kwa hiyo namjibu hadharani.

Si aibu hata kidogo. Kifungu cha 177 cha Katiba ya Kenya kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti, na bila viti hivyo tungekuwa wachache mno, maana mwaka 2017, kati ya wadi 1,450 za nchi nzima, wanawake walishinda 96 tu. Mimi niliingia kwa mlango huo, nikawekwa katika kamati ya afya, na nasema bila kuona haya kwamba hoja ya vyumba vya kujifungulia katika zahanati za mashambani niliiandika kwa mkono wangu, ingawa siku ya ufunguzi aliyeitwa mbele kupigwa picha ni mwenye wadi.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwakilishi maalum ana kura bungeni lakini hana wadi, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Uchaguzi ulipokaribia, wakubwa wa chama waliokuwa wakiniita "mama yetu" waliniambia kwamba nimeshakula zamu yangu, niwapishe wengine. Niliingia mchujo wa chama kutafuta tiketi ya wadi moja, nikapambana na bwana mmoja ambaye, wakati mimi nikibishana juu ya bajeti, yeye alikuwa akihudhuria kila matanga na kila harusi ya wadi ile. Alinishinda. Bado inaniuma, hasa nikipita kwenye zahanati zile.

Basi, mwanangu, kiti kikija kipokee, lakini wiki hiyo hiyo ya kiapo chagua wadi yako. Kaa na wazazi wanaohangaikia basari, nenda matangani, rudi tena wadini. Gavana wenu, Fatuma Achani, alikuwa naibu tangu 2013, akaomba ugavana kwa jina lake mwaka 2022 na akapewa. Susan Kihika alianza kama spika wa bunge la kaunti ya Nakuru, cheo kinachotolewa kwa kura za wawakilishi wadi, kisha wananchi wakamchagua seneta mwaka 2017 na gavana mwaka 2022. Hawa hawakungoja kukumbukwa na chama. Nenda wadini, narudia, hata siku ambayo huna cha kutoa.

Ukinyimwa tiketi, sheria inakuruhusu kuwa mgombea huru iwapo umetoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi na umeungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, ambao hawatamtilia saini mtu wasiyemjua.

Kuhusu hiyo orodha uliyoahidiwa, kumbuka kwamba viti maalum hugawiwa vyama kulingana na wadi vilizoshinda, na majina hufuatwa kwa mpangilio uliowasilishwa kwa tume ya uchaguzi kabla ya kura kupigwa. Usiridhike kuambiwa kwamba umo. Uliza uko nafasi ya ngapi, na uulize kikaoni mbele ya wenzako, kwa sababu ahadi niliyopewa mimi pembeni ilikanushwa na aliyeitoa.