Selulaiti: kabla hujanunua kopo jingine la krimu

"Dada, mbona mapaja yako yamekuwa kama ganda la chungwa?" Mdogo wangu aliniuliza hivyo nikitoka kuoga, nimejifunga kanga. Wiki ileile nikaenda Kariakoo, nikarudi na kopo la krimu lisiloandikwa limetengenezwa kwa nini. Baada ya siku kumi ngozi ilikuwa inawasha na imepauka mabakamabaka, na vile vishimo vya mapajani, yaani selulaiti, viko palepale. Kumbe nilijipaka mkorogo.

Daktari wa ngozi aliyenitibu ule muwasho ndiye aliyenifumbua macho. Chini ya ngozi kuna nyuzi ngumu zinazoishikilia. Kwetu wanawake nyingi zimesimama wima: mafuta yanachomoza katikati yake, zenyewe zinaivuta ngozi chini, kunabaki vishimo. Za wanaume zimepishana kama wavu, kwa hiyo ni nadra kwao. Madaktari hukadiria kwamba wanawake 80 hadi 90 katika kila 100 waliokwisha kubalehe wanayo selulaiti, wembamba kwa wanene. Si ugonjwa. Nilitokwa na machozi pale kitini, kwa jinsi nilivyokuwa nimejilaumu miaka yote ile.

Tangu hapo kila tiba naiuliza swali moja: inazifikia zile nyuzi?

Inayozifikia kweli ni kuzikata. Daktari anatia ganzi, anapitisha kifaa chembamba chini ya ngozi na kuukata uzi unaovuta. Wagonjwa waliotibiwa kwa kifaa cha Cellfina walifuatiliwa miaka 3 na nafuu yao ilikuwa bado ipo. Inafaa vishimo vinavyoonekana kimoja kimoja. Ngozi iliyolegea haiisaidii. Kulikuwa pia na sindano ya Qwo, ya kuyeyusha nyuzi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Mwishoni mwa 2022 watengenezaji walitangaza kuiacha, kwa sababu ya michubuko na madoa yaliyokawia kwenye ngozi. Sisi weusi tunajua doa linavyong'ang'ania, kwa hiyo muulize daktari habari ya madoa kabla hujalala kitandani pake.

Mashine za mawimbi ya mshtuko na za mawimbi ya redio hupunguza vishimo kiasi, kwa vipindi vingi vya kulipia, na hali hurudi. Krimu ya retinoli (aina ya vitamini A) ya asilimia 0.3, ukiipaka miezi 6 bila kuruka, huinenepesha ngozi kidogo na vishimo vikafifia, mjamzito asiiguse. Kusugua kwa kahawa na sukari kunalainisha tu. Kunyonywa mafuta usikubali kwa ajili ya hili, kunaweza kuzidisha mabonde.

Mimi nimebaki na retinoli, na kuchuchumaa na kuinuka nikiwa nimebeba dumu la maji, ili misuli ya mapaja ijae.

Juzi mdogo wangu, naye sasa ana mtoto, alinitumia picha ya kopo aliloambiwa linamaliza selulaiti kwa wiki 2. Nikamwomba aligeuze, apige picha maandishi ya nyuma. Hayakuwepo.