Muulize Fundi: Mashine ya vyombo tuliyoikuta kwenye nyumba

*Fundi, shikamoo. Tumehamia nyumba yetu hapa Dayton, Ohio, mwezi Machi. Ilikuwa ya bibi mmoja aliyefariki, ikakaa tupu karibu miezi minane. Jikoni tumekuta mashine ya kuoshea vyombo ya KitchenAid, mlango wa rangi ya haradali, na kibati chake kimeandikwa Hobart. Inaosha sufuria ya ugali kuliko ile mpya tuliyokuwa nayo tulipokuwa tunapanga. Lakini kila ikimaliza tunakuta maji sakafuni, kama kikombe kimoja, na glasi zinatoka na ukungu mweupe. Fundi tuliyemwita hakuinama hata mara moja, akasema ni ya kutupa, akatutoza dola 95. Mume wangu anataka tununue mpya, moyo wangu unakataa. Nifanyeje?*
— Mama wa watatu, Dayton

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa nyumba.

Huyo aliyekuja amenikera. Mashine inayovuja hukaguliwa kwa magoti, na tochi mkononi. Asiyepiga magoti hajui maji yanatokea wapi, na kama hajui yanatokea wapi, hana haki ya kuizika mashine ya watu.

Kwanza ujue ulicho nacho. Hobart ni kampuni ya Troy, mji ulio kaskazini tu ya hapo mlipo, mwendo wa nusu saa kwa gari. Mwaka 1926 iliinunua kampuni iliyoanzishwa na Josephine Cochrane, yule mama wa Illinois aliyepata hataza ya mashine ya kuosha vyombo mwaka 1886 na kuionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Mwaka 1949 Hobart wakatoa ya nyumbani kwa jina la KitchenAid, na mwaka 1986 jina hilo likanunuliwa na Whirlpool. Mimi nililiona jina la Hobart mara ya kwanza kwenye hoteli moja pwani ya kusini ya Mombasa, kwenye chumba cha kuoshea vyombo, nikiwa kijana wa kubeba sahani. Mashine ile ilifanya kazi asubuhi mpaka usiku wa manane, na fundi wetu wa hotelini hakuwahi kuzungumza habari ya kuitupa. Alikuwa akisema, beseni na mota vikiwa wazima, yaliyobaki ni mipira. Nimekaa Columbus miaka 26 nikitengeneza mashine za watu, na sijaona sababu ya kubadili neno hilo.

Kwa hiyo anza na beseni. Toa vichanja vyote viwili, mulika sakafu ya ndani, hasa kuzunguka pampu na kwenye pembe. Enameli, ile ngozi ngumu inayofunika chuma, ikibanduka, chuma huanza kutu. Kutu ya juu juu inatibika. Mimi yangu ilikuwa na doa chini ya kichanja cha chini, upana wa sarafu ya senti kumi. Nililipiga msasa hadi chuma kikang'aa kama kijiko, nikafuta vumbi kwa spiriti, nikapaka epoksi ya sehemu mbili inayostahimili maji ya moto, nikaiacha siku mbili nzima bila kuigusa. Huu ni mwaka wa saba na doa halijarudi. Lakini ukibonyeza kwa ncha ya bisibisi chuma kikazama, au ukaona tundu, hapo nami nitasimama upande wa mume wako. Beseni lililotoboka halina dawa ya kudumu.

Beseni likiwa zima, tuutafute huo uvujaji. Zima breka ya mashine kwenye boksi la umeme, toa kibao cha chini mbele, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo kweli, na usiziguse nyaya wala kapasita ya mota, kile kikopo kinachohifadhi umeme, kwa sababu hubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Tandika gazeti kavu chini ya mashine yote. Rudisha breka, endesha mzunguko mmoja ukiangalia kwa mbali kwa tochi, mkono usiingie. Gazeti litakuonyesha. Likilowa pembe za mbele, ni mlango. Likilowa mahali pampu inapokutana na mota, ni sili ya shafti, yaani kizibo kinachozuia maji pale mhimili wa mota unapoingia kwenye pampu. Likilowa pale bomba la maji linapoingilia, ni valvu au kiungo chake. Na kuna jambo jingine la kuangalia asubuhi kabla hujawasha: ukikuta maji yameongezeka ndani ya beseni na mashine ilikuwa imezimwa usiku kucha, valvu haifungi sawasawa.

Mlango una kipimo rahisi. Kata ukanda wa karatasi, ubane kati ya mlango na mpira, kisha vuta. Ukitoka bila kukaza, mpira umekufa sehemu hiyo. Rudia kila baada ya inchi chache, mzunguko mzima. Kabla hujanunua mpira angalia pia kama mashine imekaa sawa kwa pima maji, na kama mtoto hakutia sabuni ya kuoshea kwa mkono. Povu la sabuni hiyo hupanda hadi kutoka mlangoni hata kwenye mashine ya jana.

Ila nitakwambia ninachokishuku mimi: ni sili. Umesema nyumba ilikaa tupu miezi minane. Sili hii ni nyuso mbili laini zinazosuguana, springi ikizibana, na maji ndiyo mafuta yake. Mashine ikikaa bila maji, zinakauka na kugandana, na siku ya kwanza ya kuwasha zinakwaruzana. Mwaga vikombe vitatu vya maji kwenye kidimbwi cha chini, acha usiku mzima, kisha iendeshe kila siku kwa wiki moja ukipima maji yanayotoka. Yakipungua kutoka kikombe hadi matone, imejirudi yenyewe. Yasipopungua, usingoje mwezi mwingine. Maji yanayopita hapo yanaelekea upande wa mota, na bearing zikishaloa, ukarabati wa mipira unageuka ukarabati wa mota. Fundi atakayeibadilisha asiguse nyuso za sili kwa vidole vyenye mafuta. Nimeona sili mpya ikivuja siku ya kwanza kwa alama ya dole gumba tu.

Ukungu kwenye glasi ni habari nyingine, na mashine yako haina kosa. Mwaka 2010 Ohio na majimbo mengine kadhaa yalipunguza fosfeti kwenye sabuni za mashine za vyombo, fosforasi isizidi nusu ya asilimia moja, kwa sababu ilikuwa ikirutubisha mwani kwenye maziwa na mito. Uamuzi ule nauunga mkono. Lakini mashine yako iliundwa wakati fosfeti ndiyo iliyokuwa ikiishika chokaa ya maji. Chukua glasi moja, isugue kwa siki ya uvuguvugu. Ikisafika, ni chokaa. Isiposafika, kioo chenyewe kimeliwa na hakirudi. Kama ni chokaa, tumia sabuni ya unga badala ya kidonge, jaza dawa ya kusuuzia, na fungua bomba la moto la sinki hadi maji yachome ndipo uwashe mashine, maana maji ya kwanza huwa yamepoa kwenye bomba.

Sasa upande wa mume wako, na usimbeze. Niliwahi kuelekeza mpira wa kutolea maji wa mashine yangu kwenye ndoo, nikapima mzunguko mzima: lita 43. Sheria ya Marekani tangu 2013 inataka mashine mpya ya ukubwa wa kawaida isizidi galoni 5, kama lita 19. Ukiosha mara tatu kwa wiki, tofauti ni karibu lita 3,700 kwa mwaka, nyingi za moto. Hizo zinalipiwa. Kwa hiyo usiiwashe ikiwa nusu, na usisuuze vyombo kwenye sinki kwanza. Kwangu mimi gharama hiyo inastahili, kwa sababu kila kinachoharibika naweza kukifikia kwa bisibisi na spana, na hakuna kibao cha elektroniki cha kunizima mashine nzima. Kaeni na mume wako na bili ya maji mezani muamue wenyewe.

*Fundi, salamu kutoka Likoni. Kaka yangu Houston anabomoa jiko la zamani, anataka kuniwekea mashine yake ya vyombo ya miaka ya 1980 kwenye kontena. Nikinunua transfoma itafanya kazi?*
— Msomaji, Likoni

Mwambie asiipakie. Transfoma itashusha volti 240 zako hadi 120, lakini umeme wa Marekani ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, na wa Kenya ni 50, na hilo transfoma hailigusi. Mota iliyozoea kuzunguka mara 1,725 kwa dakika itashuka hadi kama 1,440. Pampu itapiga maji kwa unyonge, mota itachemka. Hata taima itachelewa, mzunguko wa dakika 60 utachukua 72.

Na kuna maji. Mashine hizi hujaza kwa muda, valvu inafunguliwa kwa dakika fulani kisha inafungwa, nazo zinataka presha ya angalau bar 1.4 hivi. Tangi lililo mita 4 juu ya jiko linakupa bar 0.4 tu. Ukitafuta hapo Mombasa mashine iliyotumika ya volti 240 na hezi 50, presha itabaki swali lako la kwanza. Pima kimo kutoka chini ya tangi hadi jikoni, unitumie hicho kipimo pamoja na namba ya kibati cha mashine utakayoipata.